Alama kwenye Mwimo

Miaka ishirini na moja nimesuka vichwa vya Bondeni,
viwiko juu kama mikono ya birika,
twende kilioni, rasta, mistari ya harusi,
na bega la kulia halikuwahi kuniomba hata maji.

Kisha Februari moja likafunga duka bila kuaga.
Kitana kilifika sikioni, kikagoma.
Mgongo ukiniwasha
nilijikuna kwenye mwimo wa mlango, kama ng'ombe wa Njoro.
Kerubo wa mitumba akaniletea mafuta ya mbuni.
Nikapaka. Nikanuka. Bega halikunusa.

Hospitalini, Chelang'at, binti wa kunyoosha viungo,
alitoa kiazi kwenye chakula chake cha mchana,
akakisimamisha juu ya kifuniko cha soda.
"Hili ndilo fuzi lako, Nyaguthii.
Nyonga ni mchi ndani ya kinu, haiendi popote.
Bega linazunguka kila upande
kwa sababu karibu hakuna kinachokishika kiazi."

Karibu.
"Wapo wanne," akasema, kidole chake kikiwatafuta.
"Huyu wa juu ya kombe, mwembamba, ndiye huanza:
mkono ukiachana na ubavu, shibiri ya kwanza ni yake,
ndipo lile pande nene la pembetatu lije kujisifu.
Wawili wa nyuma huugeuza mkono nje,
kama unapomwonyesha mgeni kiti.
Wa nne humwoni. Yuko kati ya kombe na mbavu.
Ndiye aliyepeleka mkono wako mgongoni
ukafunga leso ya mtoto."

Hawakuumia, wote wanne. Kilichosinyaa ni kifuko
kinachozunguka kiungo,
kama sweta ya shule iliyofuliwa kwa maji moto.

Akaniagiza: vidole vipande ukuta
kama buibui mzee, mpaka vikatae. Weka alama. Kesho tena.

Kuta zangu ni mabati, vidole huteleza.
Nikatumia mwimo,
na mwimo tayari ulikuwa na alama.

Ndirangu, miaka sita.
Saba, kasimama kwa ncha za vidole, mwongo huyo.
Tisa.
Kumi na mbili, mara mbili kwa mwaka, suruali zikilia.
Na ile ya juu kabisa, kumi na nane, kwa mkono wake mwenyewe,
wiki aliyokwenda Malaba kwenye kazi ya malori
na simu ikawa ya Jumapili,
kisha ya Krismasi.

Siku ya kwanza vidole vyangu vilikwama kwenye saba.
Nilicheka, machozi ya uchungu yakinifika kidevuni.
Kila jioni nilibembeza mkono,
pakiti ya unga kiganjani, duara dogo, duara kubwa,
kisha nikaanza kupanda miaka yake, mmoja mmoja.
Juni: tisa. Nikasikia kombe likiteleza juu ya mbavu
kama sabuni kwenye beseni.
Mkono ukipanda hatua mbili, alisema Chelang'at,
kombe nalo hulipa moja.
Agosti: kumi na mbili, ile ya chini.
Septemba, ile ya juu.

Jana nilimsuka Akoth nusu kichwa,
yeye mkekani, mimi kwenye stuli.
Kilemba changu nilikifunga mwenyewe.
Kimepinda. Acha kipinde.

Usiku nikarudi mlangoni.
Vidole vikapita kumi na tano, vikatetemeka,
vikakataa vikiwa bado na upana wa kiganja
chini ya ile ya mkono wake.
Nikaweka alama. Nikaandika: Mama, hamsini na tatu.

Kisha kwa mkono uleule
nikaifikia simu juu ya kabati.
Ilikuwa Jumatano.