Upande wa Nyuma

Nina mabango kumi na saba. La kumi na nane
liko Mtaa wa Mahiwa, nyuma ya duka la vitasa,
limening'inia msumarini,
na Fundi Mwinshehe haliuzi.

Haya mengine nimeyapata nilivyoyapata.
Moja lilitandikwa ndani ya droo, Ilala,
mende wamekula mwisho wa mstari:
JUMAMOSI HADI MAJOGO
basi.
Jingine nililibandua ukutani Gerezani kwa mvuke wa birika,
asubuhi nzima, mwenye nyumba akinihesabia mkaa.
Jingine niliuziwa kwa bei ya jogoo
na mtu aliyeniona juha. Hakukosea sana.

Yote ni ya sabini na mbili, sabini na tatu, fasheni inaaga:
rangi ya chungwa imechujuka, zambarau imezidi maji,
herufi bado zinajipinda kama moshi wa udi
ila ukizikazia macho
zinatamani kunyooka, zirudi shule.
Hapo ndipo ninapopapenda.
Bugaluu zinafagia sakafu, raizoni zimeanza kulika visigino,
mpiga gitaa ana mtoto nyumbani na anaangalia saa.

Tunu, mke wangu, huyaita chakula cha mchwa.

Lile la Mwinshehe ni la Radi Saba:
twiga anayeyeyuka, kiingilio shilingi tano.
Nilitoa elfu themanini. Nikatoa laki.
Akaligeuza.

Upande wa nyuma, penseli: kiuno ishirini na nane,
paja, goti, chini inchi kumi na mbili. KONDO.
Mdogo wake. Alipiga ngoma.
Bango lilikwishakatwa kwa mkasi likawa mguu wa suruali;
shingo ya twiga ilibaki, kichwa kilikwenda na taka,
na tarehe pia.

"Nikikuuzia twiga," akasema, "mguu wa Kondo
niuweke wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikanywa chai yake nikaondoka.

Jumanne nilirudi na mita mbili na nusu za tetroni, kahawia.
Hakuuliza. Alilitungua,
akalilaza kifudifudi juu ya kitambaa,
chaki ikapita pembeni polepole,
ikapinda alipopinda Kondo,
ikapanuka chini, kule kwenye vumbi la dansi.

Kumi na saba yako chini ya kitanda.
La kumi na nane nalivaa.
Linanibana kiunoni.