Kesi ya Mondo

Asubuhi ya sakitu, Matamba.
Majani ya viazi yameungua kwa baridi
kama yaliyopitiwa na pasi ya mkaa.
Nikamkuta kwenye tanzi la Ezra Tweve:
mondo,
masikio makubwa kuliko kosa lake,
waya umezama kwenye mguu wa mbele.
Hakulia. Alinitazama
kama mdai anavyomtazama mdaiwa.

Nami nilikuja na hesabu yangu:
matetea sita tangu Pasaka,
yule wa kishungi aliyetaga hata kwenye mvua za mawe,
na jogoo wa mchango wa kanisa
ambaye hakuwa hata wangu.

Ezra akasema, Rungu lipo. Ngozi nitachukua mimi.
Jana tulikula kwake, ubatizo wa mjukuu,
kuku watatu, na mchinjaji nilikuwa mimi.
Hakuna aliyetega waya mlangoni pangu.

Oliva, miaka tisa, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi:
Mama, amekosa nini?
Ameiba.
Anajua kuiba ni nini?
Hajui.
Sisi tunajua?
Nikamwambia akachote maji.

Ndoo ikaenda mtoni. Swali likabaki,
limechuchumaa kati yangu na yule mnyama.
Mbuzi akila mahindi ya jirani
mwenye mbuzi huitwa, hulipa, yanaisha.
Mondo je, nimpelekee nani hati?
Kitulo na maua yake?
Aliyempa meno ya kukata
akamnyima tumbo la kusaga nyasi,
huyo sina anwani yake,
ila Jumapili namwimbia.

Msinisifu kwa kilichofuata.
Nilikumbuka fuko tu:
mwaka juzi magunia manne ya viazi
yalishuka chini ya ardhi, mzizi kwa mzizi,
na anayewala fuko kijijini hapa
ni mmoja, na amefungwa mguu.
Nilipiga hesabu, basi.
Nikamfunika kichwa kwa gunia, nikakata waya kwa koleo.
Akaondoka akichechemea, bila shukrani,
na Ezra hakunisalimu wiki mbili.

Usiku wa nne nikasikia sauti shambani,
nyembamba, fupi,
kama mlango wa kabati uliokosa mafuta.
Fuko.
Nikatabasamu kitandani.
Nalisema kwa kuwa hakuna aliyeniona.
Kisha tabasamu likanikaa vibaya mdomoni
kama meno ya mtu mwingine.

Maana huyo naye, yule wa gizani,
aliyekula viazi bila kujua vina mwenyewe,
alikuwa na kesho yake aliyoichimbia njia.
Nani alimwita kwenye kesi?
Tulikaa watatu, mimi, Ezra na mondo,
tukagawana kifo cha asiyekuwapo.

Wiki iliyofuata tetea wa saba akaenda.
Nilikuta manyoya, na unyayo mmoja
usiokanyaga sawasawa.
Sikumlaani.
Kumsamehe pia sikuweza:
hakuna alichoniomba.

Leo naandaa tuta jipya.
Udongo mweusi, laini kama unga wa ulezi.
Jembe limefungua chumba:
nyasi kavu zilizosokotwa kwa ustadi
ambao mikono yangu haina,
na ndani vitoto vinne, vyekundu,
macho hayajafunguka, vimelaliana.
Havikushtuka.
Bado havijafundishwa mimi ni nani.

Jembe liko juu.
Oliva amesimama mwisho wa tuta
na ndoo ya mbegu.
Safari hii haulizi kitu.