Weka, Chini

Daiva alikuwa na miezi minne Cumbria
na daftari la buluu lililovimba kwa mvua.
Ukurasa wa kumi na moja, kitenzi cha maneno mawili:
la kwanza ni *weka*, la pili ni *chini*.
Akapiga mstari, akafunua ukurasa mwingine.
Hapo pana nini cha kumtoa mtu jasho?

Weka chini ndoo, alisema Bwana Birkett. Akaweka.
Kumbe hata fedha ya kutanguliza, ya trekta jipya,
Waingereza huiweka chini.
Na jina lake kwenye orodha ya zamu: limewekwa chini, Jumamosi.
Alfie akarudi shuleni macho mekundu,
wenzake wameigiza kigugumizi chake,
*wameniweka chini*, akasema,
na Daiva akamkagua magoti, akitafuta vumbi.

Gazeti lililofungia mayai lilisema
kuna maasi, mahali fulani, zamani,
yaliwekwa chini.
Hilo alilisoma mara mbili.

Kisha Februari, baridi ya kukata masikio.
Nell, mbwa wa kondoo, miaka kumi na minne,
miguu ya nyuma imemkana.
Daktari wa mifugo akampapasa, akamnong'oneza mzee.
Mzee akavua kofia,
yeye asiyeivua hata mezani.
*Itabidi tumweke chini.*

Daiva ndiye aliyempakata.
Akawaza: kweli, nimemshika mno, namuumiza.
Akatandika nyasi kavu, juu yake sweta lake,
akamteremsha polepole, kiuno kwanza, kichwa mwisho,
kama mtoto aliyesinzia ambaye ukikohoa tu ataamka.
Akasimama, akawatazama:
tayari. Nimemweka.

Hakuna aliyecheka.
Daktari akaitazama sindano mkononi mwake
kana kwamba yeye ndiye aliyekosea lugha.
Birkett akapiga magoti juu ya mkono wa sweta,
akasema neno ambalo Daiva alilijua tangu uwanja wa ndege:
asante.

Usiku alirudi ukurasa wa kumi na moja.
Hakufuta kitu. Aliongeza neno la Kilithuania,
dogo, pembeni, kwa penseli.
Sitalitafsiri. Sisi nasi tuna ujanja wetu:
ametutoka, twasema, amepumzika,
kama vile alikuwa amechoka tu.

Sweta lilizikwa na Nell.
Hadi Aprili Daiva alivaa koti la mzee,
mikono imemzidi, vidole havionekani.