Dirisha Namba Nne

Ofisi ya pensheni, Huamanga. Ukutani bango jipya,
"Karibu" kwa Kikechua, herufi nene kama viazi.
Fortunata hajui kusoma. Amelipita.

Karani anauliza kwa Kihispania
mwaka wa kuzaliwa. Bibi anajibu kwa Kikechua:
mwaka ule mvua ya mawe ilipolaza mahindi yote.
Karani anaandika: hakuna jibu.

Ndipo Yeni mfagiaji anaegemeza ufagio,
anabeba maneno huku na kule kama ndoo,
kazi isiyomo katika mkataba wake
wala katika mshahara.

"Mwambie," asema bibi, "sheria yao imejifunza lugha yangu
kabla yake. Tena vifungo vya shati lake vimepishana."

Yeni anameza mate, anatafuta maneno ya adabu.
Lakini karani ameshacheka.
Ameshashika kifungo.

Foleni nzima imesikia
kicheko kilichotangulia tafsiri.

"Mwana wa nani wewe?"
Karani anatazama kalamu.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba aliyozaliwa,
anataja jina la mama yake.