Andika Deni

Naanza na Ng'ambo, saa tatu asubuhi,
daftari la kaunta kwapani,
kalamu nimeining'iniza shingoni kwa uzi wa gitaa,
uzi wa kwanza, mwembamba, ule unaokatika kila wiki.

Hodi.
Mimi ni Kapela, mpiga besi wa Wana Ugala.
Ndiyo, wale wale. Ndiyo, ile Costa.

Nimeisimulia hata imechakaa:
tulitoka Kaliua usiku, msimu wa tumbaku umelipa,
noti mifukoni bado zinanuka bani.
Shigela kwenye usukani, anaimba kiitikio
kwa sauti ya pili, bila kualikwa, kama kawaida yake.
Kisha lori la magogo, bila taa,
limelala njiani kama ng'ombe.
Kiitikio hakikufika mwisho.

Hapo huwa nanyamaza.
Mwenye nyumba hutazama miguu yangu,
kuhakikisha yote miwili ipo.

Ya Mlekwa haipo yote.
Wa kulia, ule wa ngoma kubwa,
umekatwa Kitete, juu kidogo ya goti.
Nyamizi taya limefungwa waya; sauti ile yote
sasa inakunywa uji kwa mrija.

Zamani pesa ilinijia yenyewe.
Mtu aliinuka mezani, akayumba, akailamba noti,
akanibandika kipajini, nami sikupoteza pigo.
Jasho lilikuwa gundi.
Leo kipaji ni kile kile, kikavu,
na yule aliyenibandika elfu kumi mbele ya shemeji zake
anamtuma mtoto aseme baba amesafiri.
Viatu vya baba viko mlangoni.

Simlaumu. Ukitunza, ukumbi mzima unakuona.

Wengine hutoa. Fundi baiskeli, elfu mbili.
Mama wa sokoni, asali ya Sikonge:
"Mpake kidonda, inayobaki alambe."
Nikaandika: asali, chupa moja.
Ahadi zina ukurasa wake. Umejaa.

Tuazi letu limeonekana Usinge, limeanikiwa dagaa.
Wenzangu wanasema twende na polisi.
Nimekataa.
Aliyelichukua ndiye aliyevua shati
akalifunga paja la Mlekwa,
akambeba mgongoni gizani
hadi penye mtandao wa simu.
Acha aanike.

Juzi, Cheyo, mwanamke kafungua kabla sijabisha.
Vidole vya kahawia, vya kupanga madaraja ya tumbaku.
Akahesabu elfu arobaini, noti kwa noti, polepole.
Nikafunua ukurasa wa michango.
Akaikamata kalamu, na shingo yangu ikaifuata.

"Usiandike hapo.
Mlipiga harusini kwangu, mwaka ule wa mvua nyingi.
Mume wangu akawalipa nusu, akasema njooni Jumatatu.
Mlikuja Jumatatu tatu, niliwaona dirishani.
Andika deni. Andika: Kalunde amelipa."

Na mume?

"Ndoa iliisha. Deni halikuisha."

Jioni nikalipeleka daftari wodini.
Mlekwa alipita majina yote kwa kidole,
akasimama kwenye lile moja lililo peke yake.
"Kalunde. Tulifungua na ule wa taratibu.
Alicheza mwenyewe. Bwana harusi
alikuwa anahesabu kreti za bia."

Halafu vidole vikaanza, kwenye chuma cha kitanda,
mkono wa kushoto ukiuliza, wa kulia ukichelewa kujibu,
nami nikangoja ngoma kubwa,
kwa mazoea; besi haiingii bila hiyo.

Shuka halikutikisika.

Nikaipiga mimi, kwa kisigino, sakafuni.

Muuguzi akaja akasema shii.
Akasimama kidogo.
Kisha akauliza daftari liko wapi.