Kiganja cha Mdakaji

Hatuna mashine ya kupimia kasi hapa Wete.
Tuna kiganja changu cha kushoto.
Shaame akirusha, mie nimechuchumaa
nyuma ya kipande cha zulia tulichokikata tukakiita nyumbani,
na ngozi ndiyo inayonambia:
huu wa leo ana njaa,
huu kagombana na baba yake.

Glavu ilikuwa ya mtoto wa Kijapani. Jina lake limo ndani, kwa wino;
hakuna kati yetu awezaye kulisoma.
Mpira umeshashonwa mara nne
kwa fundi viatu wa Limbani,
naye kila mara huugeuza geuza na kuuliza
ni tunda gani hili lisilomenyeka.

Miaka miwili tuliulea mkono ule.
Baada ya sala ya alfajiri, mteremko wa bandarini,
kushuka si kazi, kazi kuupanda
na tairi kiunoni, na mbwa wanakucheka.
Ndoo za kisimani: thelathini mkono wa kulia,
thelathini wa kushoto, usije ukaona wivu.
Kasi ilikuja kama maji ya bomba la kwetu:
usiku, kwa mafungu, na siku nyengine haiji.

Kisha likaja tangazo. Mchujo, Dar es Salaam, mwezi wa nane.
Huko mashine ipo.
Chini ya maili themanini, usijisumbue kupanda boti.

Wiki ya tatu baada ya hapo
mpira ulifika kabla sijaufikiria.
Nilifurahi, wallahi nilifurahi,
nikaruka, nikaimwaga na glavu yenyewe.
Usiku kidole cha shahada kikavimba,
mama akakikanda kwa maji ya chumvi, hakuuliza,
na mie ndipo nikaanza kujiuliza.

Alinionesha mwenyewe, nyuma ya vyoo vya skuli.
Kichupa, ndani ya soksi.
Kwenye kibandiko, picha ya fahali.
"Hii dawa ya ng'ombe," nikasema.
"Ng'ombe umemuona bega lake?" akasema.
Elfu arobaini, kwa yule wa jimu,
na sindano moja wanachangia watu watatu.
"Kombo anayo. Yule wa Mtambwe anayo.
Wenzangu wote washatia maji,
mie ninyolewe kavu?"

Sikuwa na hotuba.
Mwalimu Maulidi anazo tele: ini, moyo,
kifua cha mwanamme kuota maziwa,
nyama ya bega kukua leo
na kano yake bado ni ya juzi,
mpaka siku moja, pwaa, kama kamba ya ndoo.
Shaame anazijua zote kwa moyo, huziigiza tukacheka.

Mie nilikuwa na kiganja tu. Nikamwekea mbele ya macho.
Nikamwambia, mipira yako naijua yote.
Wa Jumatatu mzito, wa Ijumaa una haraka ya kwenda kuoga.
Huu mpya simjui mwenyewe.
Ukishinda nao nimpe nani hongera,
huyu mwenye pembe?

Alicheka. Kisha akanyamaza,
akajikuna mgongoni, palipotambaa chunusi,
akairudisha soksi mfukoni.

Asubuhi ya pili nilimkuta bandarini,
tairi kiunoni, jasho limeshamwanzia.
Sikuuliza soksi iko wapi. Hakusema.
Tukapanda. Tukafika kwenye zulia.

Akarusha.
Ukalia mahali pake pa zamani,
chini ya kidole cha kati, penye sugu.
"Ngapi?" akanipigia ukelele.

Nikakunja vidole, nikavikunjua.
Ulimi ulitaka kusema themanini.
Ulimi nao una sindano yake.

"Sabini na nne," nikamwambia.
"Rusha tena."