Tundu Ukutani

Mwaka ule uwele ulipokaukia shambani Chipanga,
nilikula ukuta.
Si njaa tu. Harufu ya tembe
baada ya manyunyu ilinitoa udenda;
nikachokonoa kwa ukucha, nyuma ya kitanda,
mume asione.

Zahanati, nesi Damari akanifunua kope la chini.
"Damu saba. Unakula nini?"
Nikasema mlenda.
Vidonge vyake vilinichafua roho,
nikavifukia kwenye majivu.

Sechelela alikuja kabla ya mwezi wake,
kilo moja na nusu, kimya,
mpaka waliposugua mgongo kwa kanga yangu.

Sasa yuko darasa la pili.
Jana nilimkuta kaingiza kidole tunduni.
"Mama, panya?"

Nilikanda udongo, nikaziba.
Sikumjibu.
Vidole bado vinanukia mvua.